Kamba ya yadi 22

Kumbukumbu ya kale kabisa ya kriketi ambayo haina shaka haikuandikwa na mwanamichezo, bali na karani wa mahakama. Mwaka 1598, kwa hesabu ya kalenda tunayoitumia leo, watu wa mji wa Guildford, katika kaunti ya Surrey kusini mwa Uingereza, walikuwa wakigombania kipande cha ardhi, na mzee mmoja aitwaye John Derrick, mwenye umri wa miaka 59, akaitwa kutoa ushahidi. Alieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi mjini hapo, yeye na wenzake walikuwa wakikimbia na kucheza katika kiwanja hicho, na miongoni mwa michezo aliyoitaja ulikuwamo mmoja ambao karani aliuandika "creckett". Ukihesabu kurudi nyuma kutoka umri wake unafika takriban mwaka 1550.

Kila ninapoirudia habari hiyo, naona kwamba mchezo huu uliingia katika historia kwa mlango wa ugomvi wa ardhi: nani ana haki ya kukanyaga nyasi hizi, na nani asimame nje azitazame. Swali hilo nililikuta nyumbani kwetu kabla sijajua kusoma.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1950 hadi alipostaafu. Kila siku ya mechi aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaenda kuvuta rola la chuma juu ya udongo mpaka ukawa laini kama sakafu, kisha akatandika mkeka wa makumbi na kuukaza kwa misumari mirefu, kwa maana klabu nyingi za kwetu zilichezea mkeka na si nyasi. Baada ya hapo alitoa kamba ya katani aliyoifunga mafundo mawili, akapima umbali kati ya vijiti vya upande huu na vya upande ule, vile ambavyo mpigaji huvilinda, akachora mistari kwa chokaa. Kazi ikiisha alitoka nje ya mpaka wa uwanja, akaketi chini ya mwembe hadi jioni. Alizijua sheria za mchezo kuliko wengi wa waliocheza, na aliweza kukueleza kwa nini mrushaji fulani atamtoa mpigaji fulani kabla mpira haujarushwa. Katika miaka yote hiyo hakushika kigongo cha kupigia hata mara moja katika mechi. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumkataza, ilijulikana tu. Siitaji klabu hiyo, kwa kuwa haikuwa peke yake wala haikuwa mbaya kuliko nyingine.

Nimeanza na Babu kwa sababu ndiye aliyenifanya nisikubaliane na maelezo yaliyozoeleka, kwamba kriketi ilienea duniani kwa kuwa Waingereza waliieneza. Ni kweli walisafiri nayo. Lakini walisafiri na mambo mengi ambayo leo hayapo. Nikifuatilia historia ya mchezo huu nchi baada ya nchi, naona kwamba uliota mizizi pale tu ambapo mtu aliyewekwa nje ya uzio, mara nyingi mtumishi au kibarua, aliuchukua akaufanya wake. Na pale ulipobaki ndani ya uzio ulinyauka pamoja na waliokuwa ndani.

Hata kwao Uingereza kriketi haikuzaliwa katika majumba ya wakubwa. Ilianzia katika vijiji vya Kent, Sussex na Surrey, katika eneo lenye misitu na malisho liitwalo Weald, ambako kondoo walizikata nyasi fupi kiasi cha kuuwezesha mpira kuviringika. Siku hizo mpira ulirushwa kwa kuviringishwa chini, na kigongo kilipinda mwishoni kama cha mpira wa magongo. Mwaka 1611 wanaume wawili wa kijiji cha Sidlesham walitozwa faini ya peni 12 kila mmoja kwa kucheza kriketi siku ya Pasaka badala ya kwenda kanisani. Ulikuwa mchezo wa watu wa chini, na wenye mamlaka waliuona kuwa usumbufu.

Mambo yaligeuka pale mabwana wenye mashamba makubwa walipogundua kwamba mchezo huu unafaa kwa kamari. Pesa ikiingia, watu hutaka maandishi, na ndiyo maana mwaka 1744 sheria za kwanza za kriketi ziliandikwa London. Sheria hizo zilitaja umbali wa yadi 22 kati ya vijiti vya pande mbili, yaani mita 20 na kidogo, na kipimo hicho hakijabadilika mpaka leo. Yadi 22 ni urefu wa mnyororo ambao wapima ardhi wa Uingereza waliutumia kugawa mashamba. Sijui kama Babu aliwahi kuambiwa hivyo. Najua tu kwamba kamba yake ilikuwa na urefu huo huo.

Wanakijiji waliendelea kuufinyanga mchezo huo. Klabu ya Hambledon, iliyochezea kilimani Broadhalfpenny Down katika kaunti ya Hampshire, ilikuwa na nguvu kuliko timu nyingine zote katika miaka ya 1770. Mwaka 1771 mpigaji mmoja alikuja kucheza nao akiwa na kigongo chenye upana wa kuvifunika vijiti vyote, nao wakaandika kwamba upana usizidi inchi nne na robo, kanuni ambayo ingali inafuatwa. Wanawake nao hawakusubiri kualikwa: mwaka 1745, karibu na Guildford ile ile ya John Derrick, wasichana wa vijiji viwili, Bramley na Hambledon ya Surrey, walipambana katika mechi iliyoandikwa gazetini.

Uzio ulijengwa baadaye. Klabu ya Marylebone, MCC, iliyoanzishwa London mwaka 1787, ikawa mlinzi wa sheria za mchezo, na kuanzia mwaka 1806 ikawapo mechi mashuhuri kati ya Waungwana na wale waliolipwa kwa kucheza. Msomaji wa pwani anajua uzito wa neno uungwana, na hapa uzito wake ni ule ule. Waungwana walikuwa na chumba chao cha kubadilishia nguo, na pale Lord's, uwanja wa MCC mjini London, waliingia uwanjani kwa lango lao. Katika karatasi za matokeo herufi za kwanza za majina yao ziliandikwa mbele ya jina la ukoo, ilhali za wanaolipwa ziliwekwa nyuma. Watu wa timu moja, wa taifa moja, waliishi hivyo hadi mwaka 1962, tofauti hiyo ilipofutwa.

Basi mchezo uliopelekwa ng'ambo ulikuwa tayari na malango mawili. Marekani ndiko tunakoona vizuri kilichofuata. Wengi hawajui kwamba mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa haikuhusu Uingereza: ilichezwa New York mwaka 1844 kati ya Marekani na Kanada, na Kanada ikashinda kwa mikimbio 23, yaani alama za mchezo huu. Miaka 15 baadaye timu ya kwanza ya Uingereza kusafiri ng'ambo ilikwenda Amerika ya Kaskazini. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Wamarekani wa kawaida walikuwa na besiboli yao, na kriketi ikabaki katika klabu za matajiri, hasa Philadelphia. Mwaka 1909 lilipoundwa shirikisho la kimataifa, liliitwa la kifalme na likawapokea Uingereza, Australia na Afrika Kusini tu. Nchi iliyo nje ya himaya haikuwa na nafasi. Mchezo ukafa taratibu katika nchi ambayo ingeweza kuwa nyumbani kwake kwa pili.

Australia ilikuwa na uzio wa namna nyingine. Timu ya kwanza kutoka huko kuzuru Uingereza, mwaka 1868, iliundwa na wenyeji wa asili wa bara hilo, watu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya kondoo magharibi mwa Victoria kwenye ardhi iliyokuwa ya mababu zao. Walicheza mechi 47, wakashinda 14, wakapoteza 14 na nyingine wakatoka sare, na mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la King Cole, alifariki London na kuzikwa huko. Mwaka uliofuata Victoria ilipitisha sheria iliyowaweka wenyeji chini ya amri ya serikali hata kuhusu mahali pa kuishi. Mechi iliyohesabiwa baadaye kuwa ya kwanza ya Testi, yaani ile ya siku nyingi baina ya mataifa, ilichezwa Melbourne mwezi Machi 1877, Australia ikashinda kwa mikimbio 45, na hapakuwa na hata mwenyeji mmoja uwanjani.

Bombay, mji wa India uitwao leo Mumbai, ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Mabaharia wa Kampuni ya Mashariki ya India walicheza kriketi katika pwani ya Gujarati mwaka 1721, lakini kwa muda mrefu wenyeji walibaki watazamaji. Waliovunja ukimya walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi, ambao mwaka 1848 waliunda klabu yao wenyewe. Walicheza katika uwanja wa wazi wa mji, ambako maofisa wa Kiingereza waliokuwa na klabu yao ya pembeni, iliyofungwa kwa asiye mzungu, walileta farasi wa kuchezea polo. Kwato ziliichimba ardhi mpaka mpira haukuweza tena kudunda sawasawa. Waparsi na Wahindu wakaandika barua za malalamiko kwa serikali, na barua hizo zilirudi na majibu ya kuwachosha. Mwaka 1890 Waparsi hao hao waliishinda timu iliyotoka Uingereza.

Na karibu na hapo, Poona, palikuwa na kijana aliyeitwa Palwankar Baloo, aliyezaliwa mwaka 1876 katika tabaka ambalo Wahindu wa tabaka la juu hawakuligusa. Kazi yake katika klabu ya wazungu ilikuwa kuviringisha rola, kuchora mistari na kufunga nyavu za mazoezi. Jioni maofisa walipotaka kujinoa, walimwambia awarushie mpira, naye akawarushia kwa mkono wa kushoto, kwa saa nyingi, mwaka baada ya mwaka. Inasimuliwa kwamba nahodha Greig, mpigaji bora wa hapo, alimlipa ana nane, yaani nusu rupia, kila alipofanikiwa kumtoa. Kupiga hawakumruhusu. Kigongo kilikuwa cha bwana, na kurusha kulikuwa kazi ya mtumishi.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikaenda kusimama nje. Rola lile lile, mistari ile ile. Tofauti ni kwamba Wahindu wa Poona walipotaka kuwashinda wazungu waligundua kuwa hakuna mrushaji kama Baloo, wakalazimika kumwita. Alicheza nao, akawapa ushindi, na wakati wa chai wenzake walikunywa ndani kwa vikombe vya kauri huku yeye akiletewa yake nje katika chombo cha udongo cha kutupwa. Mwaka 1911 timu ya India ilipozuru Uingereza yeye ndiye aliyeibeba, akichukua zaidi ya wiketi 100, yaani kuwatoa wapigaji zaidi ya mara 100. Unahodha wa timu ya Wahindu hakupewa kamwe. Alipewa mdogo wake, Vithal, mwaka 1923, baada ya vuta nikuvute ndefu iliyoandikwa sana magazetini, wakati India nzima ilikuwa ikijiuliza kama inaweza kudai uhuru kwa Mwingereza huku ikiwanyima watu wake wenyewe kikombe cha chai.

Visiwa vya Karibi vilipitia njia hiyo hiyo, na nitaisimulia kwa kifupi. Huko pia mtu mweusi aliruhusiwa kurusha kabla ya kuruhusiwa kupiga, na kupiga kabla ya kuongoza. George Headley, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji bora duniani, aliongoza timu ya West Indies katika mechi moja tu ya Testi, mwaka 1948. Ilihitajika kampeni ya gazetini, iliyoendeshwa na C. L. R. James huko Trinidad, hadi Frank Worrell akateuliwa kuongoza ziara nzima ya Australia ya mwaka 1960 na 1961, na mechi ya kwanza ya ziara hiyo, Brisbane, ikawa ya kwanza katika historia ya Testi kumalizika kwa mikimbio iliyolingana kabisa. Afrika Kusini, kwa upande wake, iliufanya uzio kuwa sheria. Basil D'Oliveira wa Cape Town alilazimika kuhamia Uingereza ili acheze, na mwaka 1968, Uingereza ilipomteua kwa ziara ya Afrika Kusini, serikali ya huko ilikataa kumpokea. Kuanzia 1970 hadi 1991 nchi hiyo ilicheza peke yake.

Ndiyo maana fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1983 pale Lord's ina maana kubwa kwangu kuliko mechi nyingine yoyote iliyochezwa Uingereza. Timu mbili zilizoingia zilikuwa India na West Indies. India ilipata mikimbio 183 tu, na bado ikashinda kwa 43. Tangu siku hiyo pesa, watazamaji na mamlaka vilianza kuhamia mashariki, na mwaka 2005 makao makuu ya shirikisho la kimataifa yalihama London kwenda Dubai.

Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo uliletwa na maofisa wa serikali na walowezi, ukachukuliwa haraka na Wahindi waliokuja kwa reli, biashara na ukarani. Wazungu hawakuwapokea katika klabu zao, nao wakajenga za kwao: Waismailia yao, Masingasinga yao, Wagoa yao, Mabohora yao. Naziheshimu klabu hizo, maana bila hizo kriketi ingeondoka na bendera ya Mwingereza. Lakini yapasa kusema pia kwamba aliyefungiwa nje alijenga uzio wake, na Mwafrika akabaki nje ya nyua mbili. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, mwaka 1975, ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Ilipoteza mechi zote tatu, na Waafrika weusi waliokuwamo walikuwa Waganda wawili, John Nagenda na Sam Walusimbi. Si ajabu kwamba walitoka Uganda, kwa kuwa huko mchezo ulikuwa umepitia shule, na shule hufungua lango ambalo klabu hulifunga.

Kenya ililifungua lango lake kwa njia ya familia. Kaka alimfundisha mdogo wake, na kwa muda mfupi majina ya Tikolo, Odumbe, Suji na Obuya yakawa ndiyo timu ya taifa, pamoja na akina Aasif Karim wa Mombasa. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, ambayo ndiyo Poona ya Baloo, Kenya ilipata mikimbio 166 dhidi ya West Indies, kisha ikawatoa wote kwa 93. Rajab Ali alimtoa Brian Lara kwa mikimbio minane. Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. Nilimkimbilia Babu barazani kumpa habari. Akaniuliza, "Kwenye mkeka au kwenye nyasi?" Nikamwambia, "Kwenye nyasi, Babu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwenye nyasi! Basi hao vijana wamecheza."

Alifariki kabla ya mwaka 2003, kwa hiyo hakuiona Nairobi siku Collins Obuya alipochukua wiketi tano na Sri Lanka ikashindwa kwa tofauti ya mikimbio 53, wala nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Durban dhidi ya India, ambayo Kenya iliifikia ikisaidiwa pia na pointi ilizopewa baada ya New Zealand kukataa kuja Nairobi. Baada ya hapo viongozi waligombana, uwekezaji kwa vijana ukasahauliwa, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Inaniuma kuliandika hili kwa sentensi moja, lakini sina hamu ya kurudia kila ugomvi.

Habari njema zimetoka kwingine. Wanyarwanda waliorudi kwao baada ya mwaka 1994 kutoka uhamishoni Uganda na Kenya walirudi na kriketi, wakajenga uwanja mzuri Gahanga, na mwaka 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 waliwashinda Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia. Juni 2024 Uganda ilishinda mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, huko Guyana, na Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha mizunguko minne, kila mmoja wa mipira sita, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Mwaka 2022 wanawake wa Tanzania walitwaa kombe la Kwibuka, linalochezwa Kigali kuwakumbuka waliouawa mwaka 1994.

Binti wa dada yangu anacheza shuleni kwake, na ni mrushaji. Jumamosi moja alikuja nyumbani akitaka mahali pa kufanyia mazoezi, nikakumbuka kamba ya Babu, ambayo mama aliihifadhi ndani ya sanduku la nguo pamoja na barua. Tulikwenda nayo katika uwanja wa wazi nyuma ya nyumba, tukainyoosha kutoka fundo hadi fundo, naye, kwa kuwa walimu wake wamemfundisha asiamini kitu bila kukipima, akaleta futi ya chuma. Katani ilikuwa imenywea kwa miaka mingi. Ilipungua shubiri moja. Tukaongeza shubiri hiyo, akachora mstari kwa kisigino, akanikabidhi kigongo, akarudi nyuma hatua kumi na moja ili aanze kukimbia.